Nani Atabisha Hodi kwa Mama Mhamiaji?



Ndugu zangu na dada zangu, haya ndiyo niliyoyazungumza kwenye kikao chetu cha vijana, na wengi mmeomba yaandikwe ili waliokosa wayasome. Nimeyaacha karibu vile vile nilivyoyasema, kwa hivyo nisome kana kwamba tumekaa kwenye mkeka mmoja. Mada yenyewe ni saratani ya matiti. Najua vijana wa kiume mtataka kuteleza pole pole. Usiende. Kisa ninachoanza nacho kinamhusu mvulana.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiishi Eastleigh. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mama kutoka Somalia, mjane, akiuza vitambaa na uunsi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, karibu. Basi. Siku moja akahisi kitu kigumu kwenye titi la kushoto. Hakikuuma, akakaa nacho. Alipoona ngozi imeanza kubonyea ndani, akamchukua mwanawe wa miaka 14 waende hospitali, maanake yeye ndiye aliyejua Kiswahili.

Daktari alikuwa mwanamume. Mama akasema kwa Kisomali: naas. Yaani titi. Mtoto akaingiwa na haya. Hebu jiweke mahali pake. Umri wa miaka 14, mbele ya mtu mzima usiyemjua, unatakiwa kutamka titi la mamako. Akamwambia daktari, "Mama anasema kifua kinamsumbua." Daktari akaandika dawa ya kikohozi na ya maumivu. Wakarudi nyumbani.

Waliporudi hospitali ulikuwa umepita karibu mwaka. Safari hii walimpata muuguzi wa kike aliyefunga mlango na kumwomba mama afungue nguo. Alipoona, alinyamaza. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwapani na kwenye mifupa. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raaji'uun.

Yule kijana sasa ni mtu mzima. Aliwahi kuniuliza, "Ningesema lile neno, mama angekuwa hai?" Nilimwambia yaliyo kweli: ajali iko kwa Allah, na wewe ulikuwa mtoto uliyebebeshwa mzigo wa watu wazima. Kosa halikuwa lako. Kosa ni kwamba katika mtaa wote ule hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyefundishwa, anayejua lugha ya mamako, wa kuketi naye jikoni na kumwambia: dada, hebu nieleze, ulianza kukihisi lini?

Mwanamke huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie. Anatoka wapi, anafundishwa nini, na sisi vijana tunafanya nini ili apatikane.

Kwa nini tunachelewa

Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi duniani. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 walipatikana nayo na watu 670,000 wakafa. Hapa Kenya pia ndiyo ya kwanza kwa idadi ya wanaogunduliwa.

Lakini sikia tofauti hii. Katika nchi tajiri, zaidi ya wanawake 90 kati ya 100 wanaogunduliwa huwa bado wako hai baada ya miaka mitano. India ni 66. Afrika Kusini ni 40. Ugonjwa ni ule ule, mwili wa mwanamke ni ule ule. Kinachotofautiana zaidi ni uligunduliwa ukiwa umefika wapi, na matibabu yalipatikana haraka kiasi gani.

Sasa mchukue mama mhamiaji. Anaweza kuwa Msomali au Moromo wa Eastleigh, Mkongo wa Kayole, au mama aliyekuja mjini kutoka Dadaab. Mambo yanayomchelewesha mama wa kawaida wa Kenya yeye anayo yote, kisha anaongezewa mengine. Lugha hana. Mashangazi na dada ambao angewanong'oneza wako ng'ambo ya mpaka. Pesa anayopata ni ya leo kwa leo.

Halafu kuna hofu ya karatasi. Wengi wenu mnakumbuka Aprili 2014, operesheni ya Usalama Watch. Maelfu walizolewa Eastleigh na mitaa mingine, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Wewe huenda umeshaipita. Mama aliyeona jirani yake akishushwa ngazi usiku hajasahau. Kwake yeye, jengo lolote lenye bendera ya serikali, dawati na mtu anayeuliza "kitambulisho kiko wapi" ni jengo moja. Hospitali na kituo cha polisi vyote hutaka jina lako.

Ndiyo maana napenda kijana ajue Kifungu cha 43 cha Katiba yetu. Kinaposema juu ya haki ya afya, kinasema kila mtu. Hakikusema kila raia. Mama huyu haombi sadaka anapotaka kuchunguzwa.

Je, mhudumu wa mtaani anaweza kweli?

Kuna watakaosema: saratani ni kazi ya madaktari bingwa na mashine kubwa, mama wa mtaani atafanya nini?

Mumbai, India, walijiuliza swali hilo. Mwaka 1998 hospitali ya Tata Memorial ilianza utafiti kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini. Wanawake zaidi ya 151,000, wenye umri wa miaka 35 hadi 64, wakagawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichunguzwa matiti kwa mikono na wahudumu wa afya ya msingi waliofunzwa, kila baada ya miaka miwili, pamoja na kuelimishwa dalili. Hawakutumia mamogramu, ile picha ya eksirei ya titi. Matokeo ya miaka 20 yalitoka 2021. Ugonjwa uligunduliwa ukiwa katika hatua za mapema zaidi, na kwa wanawake waliofika miaka 50 na kuendelea, vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya miaka 50 hawakuona upungufu wa maana wa vifo. Nawaambia yote mawili kwa sababu hatutaki kuwauzia kina mama ndoto. Lakini asilimia 30 kwa mikono iliyofunzwa ni uhai wa watu.

Na Kenya mikono hiyo tunayo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima. Kila mmoja hupewa nyumba kama 100. Mnawaona na mabegi yao: mashine ya presha, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani, simu. Posho yao imepangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu na nusu kaunti. Lakini ukifungua lile begi, kwa ajili ya matiti ya mama hamna kitu. Chombo cha kazi hiyo ni ulimi wake, mikono yake na kuaminika kwake. Hivyo havigawiwi uwanjani. Hivyo hufundishwa.

Mafunzo yenyewe yaweje

Kwanza, kumchagua mtu. Nusu ya kazi iko hapa. Usichague binti kwa sababu ana cheti pekee. Mtafute ambaye kina mama tayari humwendea: mpaka hina, msusi, ustadha wa darsa la wanawake, mama anayeweka pesa za hagbad, kile chama chao cha kuchangiana. Awe anasema lugha yao. Kwenye kambi za Dadaab na Kakuma, wakimbizi wenyewe wamekuwa wahudumu wa afya wa jirani zao kwa miaka mingi, kwa hivyo asituambie mtu kwamba haiwezekani. Mjini tumezoea kumtuma Mkenya asiyejua Kisomali kwenye mlango wa Msomali, kisha tunashangaa mlango haufunguliwi.

Pili, ajue la kusema, tena kwa maneno ya nyumbani. Uvimbe mgumu kwenye titi au kwapani. Ngozi iliyobonyea, au iliyokuwa kama ganda la chungwa. Chuchu iliyoingia ndani ilhali zamani haikuwa hivyo. Majimaji au damu kwenye chuchu wakati hanyonyeshi. Titi moja kubadilika umbo. Na alirudie hili mpaka lieleweke: mwanzoni mara nyingi hakuna maumivu. Kina mama wetu husubiri kiume ndipo waende. Huu ugonjwa hausubiri kuuma.

Ajue pia kutuliza moyo. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Saratani haiambukizi, wala haiji kwa jicho la jirani. Kunyonyesha miaka miwili kunapunguza hatari, alhamdulillah, lakini si kinga kamili. Na lile neno kwamba ukikatwa kipande kidogo kupimwa maabara ugonjwa unasambaa, si kweli. Bila kipimo hicho daktari hajui anatibu nini.

Tatu, ajue mpaka wake. Mhudumu haambii mama "una kansa", wala hamwambii "si kitu, tulia". Maneno yote mawili yanaweza kuua. Kazi yake ni kusikiliza, kuelekeza na kupeleka. Ajue kwamba mamogramu kwa utaratibu hupangiwa zaidi wanawake kuanzia miaka 40, kwamba titi hubanwa baina ya vibao viwili, kuna usumbufu kidogo, na kwamba ni jambo la dakika chache. Msichana mwenye uvimbe asiambiwe "wewe bado mdogo". Naye apelekwe, ila huenda akaanzia kwenye ultrasaundi.

Nne, siri. Kwenye jumba la ghorofa nane habari hupanda ngazi kuliko maji. Mama akisikia jina lake limetajwa jikoni kwa fulani, umempoteza yeye na marafiki zake kumi. Mhudumu asiyeweza kufunga mdomo afanye kazi nyingine, wala si vibaya.

Tano, na hii husahaulika, afanye mazoezi ya kuzungumza. Usimpe vitabu tu. Wakalishe wawili wawili, mmoja awe mama mwenye haya, mwingine awe mhudumu. Mama akatae. Mume aingie mlangoni aulize, "Huyu ni nani?" Mhudumu atafute jibu pale pale. Afadhali ajikwae kwenye mafunzo kuliko kwenye sebule ya mtu.

Haya, qadar na maswali mengine

Mama anapokataa, mara nyingi hasemi "siogopi saratani". Anasema kitu cha dini au cha heshima. Na hapa sisi Waislamu tuna la kujifunza kutoka Chicago, Marekani. Daktari na mtafiti aitwaye Aasim Padela na wenzake walifanya kazi na misikiti ya huko, kwa wanawake wa Kiislamu wa asili ya Kiarabu na ya Asia Kusini ambao hawakuwa wamefanya mamogramu kwa miaka miwili. Waliwafunza wanawake wa jamii hizo hizo waongoze vikao vya kuelimishana. Na hawakuificha dini pembeni. Waliyachukua yale yale yanayowazuia kina mama, wakayajibu kwa njia tatu. Nitazieleza kwa mifano yetu.

Njia ya kwanza ni kuleta jambo zito zaidi. Mama anasema, "Naona haya." Usimwambie haya ni ujinga. Haya ni sehemu ya imani. Mwambie: haya yako naiheshimu, lakini mwili huu ni amana, na Mwenye amana atakuuliza uliitunza vipi. Kisha mtafutie mhudumu wa kike.

Njia ya pili ni kuligeuza jambo lile lile limsukume mbele. Mama anasema, "Allah akiandika nife, nitakufa." Kweli. Lakini aliyeandika ugonjwa ndiye aliyeandika dawa, na Mtume wetu (s.a.w.) alihimiza watu wajitibu. Bedui alielekezwa amfunge ngamia wake kisha ategemee. Kwenda kuchunguzwa ndiko kumfunga ngamia.

Njia ya tatu ni kurekebisha lisilo sahihi, na hapo aje mwenye elimu. Yuko mama anayeamini kwamba kumfunulia mtabibu ni haramu kwa hali yoyote. Wanazuoni wetu wamelieleza zamani: kwa haja ya matibabu inaruhusiwa, kwa kiasi kinachohitajika, na wa kike atangulizwe akipatikana. Mhudumu asijibu fatwa. Lakini imamu wa mtaa akilisema neno hili siku moja tu, mhudumu atakuta milango kumi imefunguka. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lisemwe na msikitini.

Usimwache njiani

Sasa nisikilize hapa vizuri. Kumwambia mama "nenda ukachunguzwe" kisha ukaondoka, hiyo ni nusu ya kazi, na wakati mwingine ni dhuluma. Anakwenda, anaambiwa arudi Jumanne, Jumanne mashine haifanyi kazi, anaambiwa alete pesa, anaambiwa alete mtu wa kutafsiri. Anarudi nyumbani na hofu mpya juu ya ile ya zamani.

Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa saratani ya matiti mwaka 2021, liliweka malengo matatu ambayo kijana yeyote anaweza kuyakariri. Angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili. Mgonjwa apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu alipofika kituoni mara ya kwanza. Na angalau asilimia 80 wayamalize matibabu yao.

Siku 60. Kwa mama asiye na lugha, siku 60 bila mtu wa kumshika mkono hazitoshi hata kujua mlango wa maabara uko wapi. Kwa hivyo mafunzo yamfundishe mhudumu kusindikiza: kujua kituo gani kina nini, siku gani kuna daktari wa kike, gharama ni kiasi gani, karatasi gani zinahitajika na nani wa kumpigia simu mama akirudishwa mlangoni. Daftari lake lisiandike "nimemwelimisha" pekee. Liandike: amekwenda, amepata majibu, ameanza dawa. Na jamii isianze kuwaita mamia ya kina mama kabla haijajua wale watakaokutwa na uvimbe watapelekwa wapi.

Wewe unayesoma

Utasema, mimi si daktari, mimi ni mwanafunzi, mimi ni mvulana. Sawa. Haya manne yako mikononi mwako.

La kwanza, nyumbani kwako. Wiki hii muulize mamako, dadako mkubwa, shangazi: umewahi kuchunguzwa matiti? Binti anaweza kuuliza wazi. Mvulana, kama ulimi ni mzito, mwambie dadako amuulize, au mtumie mama ujumbe. Hata kumwambia "mama, nitakusindikiza na nauli ninayo" kunatosha.

La pili, kama wewe ndiye mkalimani wa familia, na najua mko wengi humu, sema neno lenyewe. Titi. Mbele ya daktari si matusi. Na ukiona huwezi, usibadilishe neno. Sema, "Mama ana shida ya siri, tafadhali tuitieni muuguzi wa kike." Sentensi hiyo moja ikae kichwani mwako.

La tatu, mtaani. Mjue mhamasishaji wa afya wa nyumba zenu kwa jina. Muulize kama amefunzwa juu ya saratani ya matiti, na ni nani anayemsaidia kwa lugha kwenye nyumba za wahamiaji. Kikiitishwa kikao cha wananchi cha kuwachagua wahudumu, nendeni, mkawapendekeze wanawake wa jamii hizo. Posho zao zikichelewa, pigeni kelele pamoja nao. Huwezi kumtaka mtu apande ghorofa nane na njaa.

La nne, msikitini. Nendeni kwa imamu, vijana watatu wanne wenye adabu, mkamwombe atenge darsa moja la kina mama. Aje muuguzi wa kike, na aje mama aliyepona asimulie. Hakuna bango litakaloshinda mwanamke mzima amesimama anasema, mimi nilikuwa nayo, na leo ndiyo mimi huyu.

Yule kijana wa Eastleigh, nilipomwona mara ya mwisho, aliniambia siku hizi jirani wakimwomba aende nao hospitali kutafsiri, huenda. Lakini kama mgonjwa ni mwanamke, kwanza huuliza mapokezi kama kuna muuguzi wa kike. Wakisema hakuna, husubiri. Amewahi kusubiri mpaka alasiri, mama wa watu amekaa kwenye benchi pembeni yake. Hakuna aliyemfundisha hilo darasani. Mwengine asilazimike kujifunza kwa bei aliyolipa yeye.

Allah awarehemu mama zetu waliotangulia, awape shifaa walio wagonjwa, na atujaalie tuwe sababu ya kheri kwa aliye mgeni katikati yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.